Nilivyomfukizia Mkaguzi Majani ya Shangazi

Jamani, mimi Shabani wa Tanga leo nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya Serikali. Nasimulia mwenyewe kabla Wafula hajaanza, maana namjua. Akisimulia yeye mtaambiwa nililia nikapiga magoti. Sikulia. (Machozi yalitoka, ndiyo, lakini ule ulikuwa moshi.)

Kwa wale wageni wa kundi, mimi ni dereva wa mzee mmoja wa Kikatari, ambaye nyumbani kwake sote tunamwita Baba. Dereva kwa jina tu. Kazi yangu hasa iko shambani kwake Umm Salal, ambako nalala chumba kimoja na mwenzangu Rafiq wa Bangladesh, na dirisha letu linatazama zizi la mbuzi. Mbuzi nao wanalitazama dirisha letu. Tumekuwa tukitazamana hivyo kwa miaka sasa.

Baba ana fremu tupu ya duka mjini Doha, mtaa wa Najma, chini ya jengo la ghorofa. Mwaka huu akaamua aifanye duka la tumbaku ya shisha, na mabomba yake, na makaa yake. Akaniambia, "Shabani, ukipita mpango huu, wewe ndiye muuzaji. Utahamia kile chumba cha nyuma."

Nyie mnaoishi Najma hamjui mlicho nacho. Mnatoka mlangoni mnakutana na mtu mnayesalimiana naye kwa Kiswahili, mnanunua chapati, mnabishana mpira. Mimi shambani naweza kukaa wiki nzima sijasikia neno la Kiswahili, na nikilisikia basi nimesema mwenyewe. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, hakuna haja ya kuficha. Nilikitaka kile chumba cha nyuma ya duka kuliko nilivyowahi kutaka kitu hapa Doha.

Ila duka la tumbaku halifunguliwi tu hivihivi. Watu wa baladia, yaani manispaa ya hapa, lazima waje kuangalia mahali penyewe. Je, msikiti uko karibu mno? Shule je? Majirani wanasemaje? Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuja mkaguzi.

Mimi nilikuwa na uhakika. Jana nikamgawia Rafiq godoro langu. Nikaaga mbuzi. (Ndiyo, niliaga. Mmoja mmoja.) Nikawatangazia humu kundini kwamba Ijumaa kuna pilau ya kuhamia, na mkanijazia vidole gumba.

Tatizo lilikuwa moja tu. Juu ya ile fremu, ghorofa ya kwanza, anaishi bibi mmoja mtu mzima wa Kiarabu. Kila nilipokuja kupiga deki nilimkuta dirishani, kimya, anatazama chini. Habari zilizonifikia ni kwamba hataki tumbaku chini ya dirisha lake na atamwambia mkaguzi hivyo hivyo. Basi ikawa kila nikimaliza deki nasimama pale nje na Wafula, yule Mkenya wa Bungoma anayelinda mlango wa jengo la mbele, tunamteta. Palepale chini ya dirisha. Kwa sauti.

"Huyu bibi ana roho ya kwa nini," nilikuwa nasema. "Biashara ya mtu inamuuma nini?"

"Huyo amekaa hapo kama CCTV," Wafula anajibu. "Hata hablinki macho."

Tunacheka. Bibi anatutazama tu. Nilishawahi hata kumpungia mkono huku natabasamu, nikisema, "Shikamoo, kizuizi cha maendeleo." (Kumbukeni hili. Mimi sitalisahau.)

Usiku mmoja nikamlalamikia shangazi yangu kwa simu. Shangazi Mwanahawa wa Pangani hana tatizo asilolijua dawa yake. Akampa mtu aliyekuwa anarudi huku kutoka likizo mfuko wa nailoni uliojaa majani makavu. Kivumbasi, na vijiti vyake na mbegu zake, na vitu vingine ambavyo sikuuliza. Maelekezo yakaja kwa ujumbe wa sauti: fukiza fremu nzima kabla mgeni hajafika, funga mlango moshi ukolee, taja unaotaka roho zao zilainike.

Mimi siamini mambo hayo. (Niliweka konzi mbili.)

Leo basi, baada ya Adhuhuri, nikafika Najma mapema. Mkaguzi alitarajiwa Alasiri, nilikuwa na muda wa kutosha. Nikakoleza makaa kwenye chetezo nilichokiazima nyumbani kwa Baba, nikakiweka katikati ya fremu, nikamwaga majani. Nikataja. Mkaguzi, ulainike. Bibi wa juu, ulainike. Baba, na wewe kidogo, umalize hili jambo usibadili mawazo. Moshi ukapanda vizuri sana. Nikashusha lile pazia la chuma la mlangoni ili ukolee, nikatoka nje kuvuta hewa.

Nageuka hivi, gari la Baba linaegesha. Nyuma yake, gari la baladia.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, miwani, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia. Alikuwa na haraka, ndiyo maana amekuja mapema. Nikawaza, sawa, nitainua pazia kidogo nizime. Baba akaniita.

"Shabani! Shika huku!"

Akanipa ncha ya utepe wa kupimia. Mkaguzi kasema ataanza na nje, apime umbali kutoka msikitini, na mimi ndiye wa kushika ncha kwenye geti la msikiti. Huwezi kumwambia Baba ngoja nikazime moto ambao hajui upo. Nikaenda. Nikachuchumaa getini na ncha yangu, jua likinipiga kisogoni, nikiangalia utepe unavyovutwa taratibu kuelekea dukani.

Kutoka pale nikamwona Wafula mlangoni kwake ananipungia mkono. Nikampungia. Akanyoosha kidole kuelekea fremu yetu. Nikamwonyesha dole gumba, maana yake ndiyo, leo ndiyo leo. Akaanza kuruka ruka. Nikasema moyoni, rafiki wa kweli huyu, anafurahi kuliko mimi.

Mkaguzi akasoma kipimo. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia Baba kwamba umbali wa msikiti hauna shida. Shule, akasema, iko mbali zaidi. Imebaki kuangalia ndani na kumsikiliza jirani. Baba akaniangalia kwa mbali akatabasamu, na Baba si mtu wa kutabasamu.

Nataka mlishike hilo. Tulikuwa tumepita. Bila majani ya mtu yeyote.

Ndipo Wafula akachoka na ishara.

"Shabani! Buda! Duka yako inaungua!"

Nikaachia utepe. Utepe ule una springi ndani, ukajikunja wote kwa kasi ukamfuata mkaguzi mkononi. Alipiga kelele kidogo. Sikusimama kuomba radhi, nilikuwa mbioni. Moshi ulikuwa unatoka chini ya pazia, juu ya pazia, na kwenye tundu la kufuli. Baba na mkaguzi nao wakafika. Nikainua pazia mpaka juu.

Sitaeleza sana. Wote tulikohoa. Ile kanzu haikuwa nyeupe tena kama ilivyokuja.

"Shinu hada, Shabani?" Baba akauliza. Nini hiki.

"Udi, Baba."

Baba amezaliwa kwenye udi na amekulia kwenye udi. Akavuta hewa mara moja tu. "Huu si udi."

Moshi ukaanza kupungua, kikaonekana chetezo, na kando ya chetezo ukaonekana mfuko. Wa nailoni. Wenye majani makavu, na vijiti, na mbegu. Ndani ya fremu inayoombewa ruhusa ya kuuza vitu vya kuvuta. Mkaguzi akauinua kwa vidole viwili, akauweka kwenye mwanga.

Nyie wote humu mnajua mfuko kama ule unafanana na nini, na mnajua mtu aliyekutwa na kitu kile hapa Doha anapelekwa wapi. Nikamtafuta Baba kwa macho, nikamkuta amesogea mpaka duka la jirani, anasoma bei za vitambaa kama mtu aliyepita tu njia.

"Hii nini?" mkaguzi akauliza.

Kiarabu changu ni cha barabarani na zizini. Kulia, kushoto, simama, leta maji, mbuzi mgonjwa. Kivumbasi hakimo.

"Dawa," nikasema.

"Dawa ya nini?"

Nikajifanya sijasikia. Kwa sababu jibu la kweli lilikuwa: dawa yako wewe.

Mkaguzi akatoa simu mfukoni. Sijui alikuwa anampigia nani, lakini hakuwa anampigia mkewe. Hapo ndipo tukasikia mtu anakohoa ngazini, kikohozi kirefu cha mtu mwenye pumu, na yule bibi wa dirishani akatokea kwenye baibui lake, kiganja puani. Alikuwa anashuka kutoa maoni yake kama jirani. Moshi ulimfuata juu kabla hajaanza kushuka.

Akamsalimia mkaguzi kwa Kiarabu. Akautazama mfuko. Akaomba aushike, akafungua, akatia pua ndani. Kisha akanigeukia mimi.

"Kivumbasi hichi," akasema. "Nani kakuletea, mwanangu?"

Kiswahili. Cha Unguja. Kilichonyooka kuliko changu na cha Wafula vikijumlishwa.

Upande wa pili wa barabara nikasikia, "Woi!" Nikageuka, Wafula alikuwa amechuchumaa nyuma ya kiti chake cha ulinzi. Mimi sikuwa na kiti. Nikasimama palepale nikiyakumbuka maneno yote, moja baada ya jingine, kama yananipita mbele. Roho ya kwa nini. CCTV. Kizuizi cha maendeleo.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Leo umeisema vizuri."

Akamweleza mkaguzi kuwa majani haya anayajua, si hayo anayoyadhania. Mkaguzi akasema sawa, lakini mimi nimesema ni dawa na nimeshindwa kusema ya nini. Nimpigie aliyenipa, sasa hivi, simu iwe kwenye spika, na bibi atafsiri. Na yeye simu yake hakuirudisha mfukoni.

Nilimwomba Mungu shangazi asiwe na chaji. Ikaita mara moja tu.

"Shabani!" Sauti ya shangazi ikajaa fremu nzima. "Enhe, nambie, mkaguzi keshalainika?"

Mkaguzi akamtazama bibi. Bibi akamgeukia, akasema kwa Kiarabu cha polepole kabisa, mpaka na mimi nikaelewa, "Anauliza hali ya mkaguzi."

Mkaguzi akashangaa. Akaweka mkono kifuani. "Mwambie sijambo, namshukuru."

"Hajambo," bibi akasema kwenye simu. "Asalaam aleikum, bi mkubwa. Haya majani uliyomtumia Shabani, ni ya nini?"

"Waaleikum salaam! Nani huyo? Aaa, sauti ya mtu mwema hiyo, nasikia tu." Shangazi akachangamka. "Kumbe una watu wema huko, Shabani! Si kama yule bibi kizee uliyeniambia, yule wa juu, mwenye roho ngumu kama gogo la mvule. Umemfukizia na yeye? Mzidishie huyo! Mtu gani anakaa dirishani kutwa kuchungulia maisha ya wenzie? Hana kwao?"

Sikumbuki nilikuwa natazama wapi. Nadhani nilikuwa natazama chetezo. Ningeweza kuingia ndani yake ningeingia.

Mkaguzi akasubiri. "Anasema nini?"

Bibi alikohoa kwanza, bila haraka. Alikuwa na jela yangu mkononi, pamoja na ule mfuko. Angetafsiri kama ilivyo, ningetoka kwenye kesi ya majani nikaingia kwenye kesi ya uchawi, na sijui ipi ina nafuu.

"Anasema ni ya mbu," akasema.

"Maneno yote hayo, ya mbu tu?"

"Ya mbu. Watu wa kwao wana maneno mengi."

Nikakata simu wakati shangazi anaanza kuuliza kama Baba naye kalainika. Mkaguzi akanusa mfuko, akaunusa tena, akarudisha simu yake mfukoni. Nilitaka kumbusu bibi yule miguu. Baba akaacha vitambaa akarudi karibu, akawa ananijua tena.

Kumbe hatujamaliza.

"Kwani hapa kuna mbu?" mkaguzi akauliza.

Bibi akanitazama mimi. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akiona kwamba hii inafaa.

"Wengi," akasema. "Nyuma pana maji yanasimama. Wanapanda mpaka kwangu. Na moshi nao unapanda, umeona mwenyewe. Duka halijafunguliwa na mimi nimeshashuka nakohoa. Muulize Shabani. Yeye ndiye aliyehangaika kuagiza dawa mpaka kwao Afrika."

Mkaguzi akanigeukia. Baba akanigeukia. Nikisema hakuna mbu, majani yale yanarudi kuwa majani ya kitu kingine. Nikisema wapo, fremu yetu ni mahali pachafu penye moshi unaomuumiza jirani mgonjwa. Kile chumba cha nyuma kilikuwa hapo, hatua chache, nakiona mlango wake. Nilikuwa nimeshapanga kitanda kitakaa upande gani.

"Wengi sana," nikasema.

Nikaona haitoshi, nikajikuna mkono. (Mbele ya Baba. Nikajikuna na shingo.)

Mkaguzi akaandika. Akamwambia Baba kwa heshima zote kwamba umbali hauna tatizo, ila tumbaku hapa hapana, jirani ana haki yake, na yale maji ya nyuma yashughulikiwe. Akaagana na sisi. Alipofika kwenye gari akasema nimsalimie shangazi.

Baba alitazama fremu, akanitazama, akatazama chetezo chake. Akasema atampangisha fundi cherehani.

"Na mimi, Baba?"

"Umm Salal."

Nikabaki kuzoa majivu. Bibi alikuwa hajapanda. Anaitwa Bi Zuwena, amezaliwa Unguja, ameletwa huku na mwanawe, na mwanawe kutwa yuko kazini.

"Nisamehe, Bibi," nikamwambia. Nilimaanisha kutoka moyoni, hapo hapakuwa na mzaha.

"Nimekusamehe zamani. Unadhani dirishani nakaa kwa sababu gani? Hapa nyumbani hamna wa kusema naye Kiswahili. Nyie mkianza kuniteta, nazima televisheni nakuja kusikiliza." Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Lakini tumbaku, hapana. Kifua changu hakiwezi. Hiyo pilau ya Ijumaa mliyokuwa mkiipanga hapa chini ya dirisha, njooni mpikie kwangu. Na huyo Mkenya aje, aniangalie vizuri, aone kama nablinki."

Basi, wanangu, pilau ya Ijumaa ipo. Mahali ni ghorofa ya kwanza. Si ya kuhamia tena, lakini ipo.

Nimerudi shambani. Rafiq amelala kwenye godoro langu, usingizi mzuri, sijaweza kumwomba. Mbuzi wamekuja wote kwenye uzio kunipokea, hakuna aliyeniuliza kitu. Mfuko wa shangazi niliutundika ukutani nje, upande wa zizi, nikaenda kunawa uso. Kurudi, nimekuta yule beberu mkubwa mwenye doa usoni ameushusha, amemaliza kila kitu, mpaka vijiti. Nailoni tu ndiyo aliyoiacha.

Sikujali, kwa sababu beberu yule siku zake zilikuwa zimeisha. Baba ana wageni, na yeye ndiye aliyechaguliwa tangu juzi. Kabla ya Maghrib Baba amekuja mwenyewe na kisu kwenye gari. Hajanisemesha. Amekwenda moja kwa moja zizini, akasimama mbele ya beberu, wakatazamana. Wametazamana sana. Mwisho Baba akamkuna kichwani.

"Huyu muache," akaniambia. "Asiguswe na mtu. Ana roho nzuri huyu, anaonekana."

Akaondoka. Beberu sasa hivi amesimama dirishani kwangu, ananitafunia usoni.

Kwa hiyo msije mkamdharau shangazi yangu. Majani yake yanafanya kazi vizuri tu. Mjinga ni mimi niliyeyachoma, kumbe yalikuwa ya kula.